Maikrofoni Moja, Viti Viwili

Jengo lilikuwa ghala la magunia kabla ya kuwa studio, na magunia hayakuwahi kuondoka kabisa. Vumbi lake la nyuzi liliendelea kudondoka kutoka kwenye mihimili ya paa miaka mingi baadaye, likatua kwenye lenzi za kamera, kwenye nywele za watangazaji na kwenye vikombe vya chai. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba mkoa ule, uliokuwa mbali na kila kitu, uwe na filamu zake wenyewe. Wakaleta kamera mbili, gari la kuonyeshea sinema vijijini, na mafundi wachache waliopatikana jirani. Filamu za kwanza zilihusu kunawa mikono na ufugaji wa kuku. Wakongwe wa studio husema kuku walikuwa waigizaji bora kuliko wote waliokuja baadaye, kwa sababu hawakuomba kurudia.

Runinga ilipofika, studio ikajikuta ina saa nyingi za kujaza na haina cha kuzijazia. Wakanunua tamthilia za nje zilizokwisha kuchosha watu wa huko zilikotoka, wakaanza kuzibandika sauti za Kiswahili. Ukisafiri kidogo utaona kila taifa lina namna yake ya kumfanya mgeni aongee. Kwingine huandika maneno chini ya picha, na watu hula chakula cha jioni huku wanasoma. Kwingine mtu mmoja mwenye sauti kavu husoma maneno ya wote, baba, mama na mtoto mchanga, bila kupandisha wala kushusha, na nimewahi kuona sebule nzima ikilia kwa sauti hiyo moja. Hapa waliamua kila mhusika awe na mdomo wake. Uamuzi huo ulikaribia kuvunja nyumba ya mtu.

Mtu huyo ni fundi mitambo wa studio. Wote walimwita Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na mwingine, na kwa muda mrefu kweli hapakuwa na mwingine. Alikuwa akitengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la viatu walipomchukua. Ni yeye aliyegeuza kona ya ghala kuwa kibanda cha kurekodia: alipigilia magodoro ya bweni lililofungwa kwenye kuta, akabandika trei za mayai juu ya magodoro, akakata tundu ukutani na kuweka kioo. Upande mmoja wa kioo wakakaa wenye sauti. Upande wa pili akakaa yeye na mitambo yake, hedifoni kichwani, kidole kwenye swichi ya taa nyekundu. Taa ikiwaka, maikrofoni iko wazi, na hata mwenye kikohozi hufa nacho kifuani.

Maikrofoni nzuri ilikuwa moja. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa na ilisikia kwa upande mmoja tu, kama mzee mwenye sikio bovu. Kwa hiyo wawili waliozungumza kwenye picha walipaswa kukaa bega kwa bega mbele yake.

Tamthilia iliyoitia studio kwenye midomo ya watu ilimhusu mjane mwenye shamba la mizabibu na mpima ardhi aliyekuja kupima mpaka wake akasahau kuondoka. Mpima ardhi alipewa mtu aliyekuwa dalali wa mnada, ambaye mji mzima ulimwita Asali. Kwa sauti ile alikuwa amewauzia watu makabati yasiyo na milango, na wakaenda nayo nyumbani wakimshukuru. Mjane alipewa mwalimu mmoja wa kike, lakini siku ya kwanza mwalimu hakutokea. Mtayarishaji alishika kichwa. Fundi, kwa nia njema kabisa, akasema mke wake yupo ofisini anachapa taarifa na anajua kusoma kwa hisia.

Aliyemleta, basi, ni yeye mwenyewe. Hilo alilikumbuka kila siku ya maisha yake ya kazi.

Mke wake, ambaye kwa ajili ya watoto wao mapacha kila mtu alimwita Mama Pacha, aliingia kibandani na khanga yake begani, akatazama picha mara moja, akafungua mdomo. Ilikuwa sauti iliyokaa chini kidogo, yenye mkwaruzo mahali fulani, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wengine. Fundi alikuwa amelala jirani na sauti hiyo miaka kadhaa. Hakuwa ameisikia. Aliisikia siku hiyo, kwenye hedifoni, ikimwambia dalali wa mnada: "Kaa. Mvua ikiisha ndiyo uende."

Tangu hapo Fundi hakuwa na raha.

Alianza na viti. Kila asubuhi aliviachanisha kidogo, kiasi cha kiganja, halafu kiasi cha viganja viwili. Lakini viti vikiwa mbali sauti zinakuwa nyembamba, zinasikika kama zinatoka kwenye mtungi, na masikio yake, yaliyokuwa masikio mazuri, hayakuweza kuvumilia kazi mbovu. Hivyo kila asubuhi, mbele ya mtayarishaji na wote, ilimbidi abonyeze kitufe na kusema yeye mwenyewe: "Sogeleaneni kidogo." Wakasogeleana. "Kidogo tena." Asali aliinua dole gumba kuelekea kioo, akasema, "Haya, shemeji."

Shemeji. Kwa kuwa Asali alimwita Mama Pacha dada, mume wa dada alikuwa shemeji, na mtu humtania shemeji yake apendavyo. Fundi hakuwahi kulikubali jina hilo. Jioni moja alimwuliza mkewe, akiwa anavua viatu na asimtazame, huyu bwana ni shemeji kwa upande upi hasa. Mama Pacha akajibu kwamba ni kwa upande wa maikrofoni.

Akajaribu njia ya pili. Wakati wa kuchanganya sauti alishusha ya Asali taratibu, sehemu baada ya sehemu, mpaka mpima ardhi akawa anatamka mapenzi kama mtu aliyetumbukia kisimani. Hapo mji ukaingilia. Watu walimsimamisha njiani wakamwuliza kama mpima ardhi anaumwa. Kinyozi, aliyekuwa na runinga juu ya kioo chake na hivyo kujiona mtu wa fani, alimgeuza kichwa Fundi huku na huku, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Fundi, jana mkeo kakubali kuolewa."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akauliza mahari imepokelewa na nani. Mwingine akasema bila shaka na Fundi mwenyewe, kwani si ndiye aliyewasha taa. Fundi alicheka nao, kwa sababu mtu mwenye wembe shingoni hana budi, akatoka na upande mmoja wa kichwa ukiwa mrefu kuliko mwingine. Kesho yake alipandisha sauti ya Asali ikarudi mahali pake.

Hata hivyo, si maneno ya mapenzi yaliyomkondesha. Hayo aliyasikia yote, na yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi. Mengine Fundi mwenyewe alikuwa amemchapia Mama Pacha, kwa vidole viwili, kwenye mashine ya kuazima, ile ya ofisi ilipokuwa mbovu. Kilichomkondesha ni mvua. Paa la ghala lilikuwa la bati tupu. Mvua ikinyesha, kurekodi hakuwezekani. Mtayarishaji anakwenda kuvuta sigara, Fundi anazima maikrofoni, taa nyekundu inazimika, na wale wawili wanabaki kibandani wakingoja. Hapo ndipo walipozungumza. Aliwaona kupitia kioo: Asali anapima kitu hewani kwa mikono miwili, Mama Pacha anatikisa kichwa, anauliza, anacheka mpaka anashika ukingo wa khanga. Maneno ya watu wa kwenye picha aliyasikia hadi pumzi. Ya mke wake mwenyewe hakusikia hata moja.

Kungekuwa rahisi kuuliza. Hakuuliza. Wivu wa namna yake ni wa mtu anayeona kuuliza ni kukiri. Nyumbani alisema tu kwamba leo mvua ilikuwa kubwa, naye Mama Pacha akakubali kwamba ilikuwa kubwa.

Ndipo akaja na uvumbuzi wake.

Alimwendea meneja wa wakati ule na mchoro. Kila sauti, alieleza, irekodiwe peke yake, kwenye kanda yake, kwa wakati wake. Mmoja akikosea, mwenzake hana haja ya kurudia. Sauti zitakuwa safi, kila moja itarekebishwa bila kugusa nyingine, na mwisho zote zitachanganywa kama viungo. Alisema huko nje ndivyo wanavyofanya sasa. Hakuwa na hakika kama ndivyo, ila ilikuwa kweli. Meneja alifurahi mno. Katika muda mfupi studio ile ya ghalani ikasifika kwa usafi wa sauti zake, na mafundi wa mikoa mingine wakaja kujifunza, wakamzunguka Fundi na kalamu zao. Historia ya studio, kama ingeandikwa na wakubwa, ingesema kwamba hapo ndipo ilipokomaa. Ingemtaja kama mtu aliyeona mbali. Yeye alikuwa ameona kiti na kiti, basi.

Asali akawa anarekodi asubuhi, Mama Pacha mchana. Fundi alilala usingizi mzuri kwa wiki moja.

Lakini mtu hawezi kujibu asichokisikia. Ili Mama Pacha ajue aingie wapi na kwa moyo gani, ilibidi avae hedifoni na kuchezewa sauti ya Asali ya asubuhi. Mara ya kwanza Fundi alipobonyeza kanda iende, alimwona mke wake, kwenye kibanda kitupu, akifumba macho. Zamani Asali alikuwa kando ya bega lake. Sasa alikuwa ndani ya masikio yake, na aliyemwingiza ni Fundi, kwa waya alioulehemu kwa mkono wake.

Kurudi nyuma kungetaka maelezo, na maelezo hakuwa nayo. Tamthilia ikaendelea hivyo mpaka mwisho wake: mjane na mpima ardhi wakafunga ndoa bila waliowapa sauti kuonana hata siku moja, isipokuwa labda kwa salamu ya mlangoni. Kanda za kila sauti zikaenda stoo. Za Mama Pacha Fundi aliziweka rafu ya juu, karibu na dirisha. Za Asali aliziweka ya chini kabisa, kwenye kona ambayo mfereji wa paa ulivuja kila masika. Akiulizwa, alisema amepanga kwa ukubwa wa maboksi. Maboksi yote yalikuwa sawa.

Nakala zilizochanganywa, zile zilizorushwa hewani, hazikudumu. Kanda mpya hazikupatikana, kwa hiyo za zamani zilifutwa na kurekodiwa tena. Juu ya harusi ya mjane kuna ufunguzi wa daraja. Juu ya sehemu nyingine zote kuna hotuba.

Miaka ikapita kama inavyopita kwenye studio, yaani kwa mashine moja kutupwa na nyingine kuletwa. Runinga za mji mkuu zikafika kila kijiji, studio ya mkoa ikabaki na saa moja hewani, kisha nusu saa. Asali alihamia mji mwingine kwa watoto wake. Mapacha wakaolewa. Fundi akastaafu, akarudi kibarazani kwenye redio zake, mpaka siku alipofuatwa na meneja mpya, dada mmoja mchangamfu aliyezaliwa baada ya tamthilia kwisha. Jengo limeuzwa, alisema. Litakuwa ghala tena. Kabla ya kukabidhi, kila kanda ya stoo iingizwe kwenye kompyuta, na mashine ya kuzisoma hakuna mwingine anayeijua. Halafu akasema kwamba siku ya kuaga wangependa kuonyesha angalau sehemu ya harusi ya mjane. Picha na muziki vipo, sauti tu ndizo zitoke stoo. Watu bado wanaiulizia. Bibi yake mwenyewe anaiulizia.

Mama Pacha alipopewa habari hiyo alifuta mikono kwenye khanga. Alikaa chini. Baadaye alikwenda kwa jirani, na kutoka uani Fundi alimsikia akimweleza, kwa sauti ya mtu anayejitahidi isionyeshe kitu, kwamba ile kazi yake inaletwa tena. Hakuwa na kitu kingine cha kuacha ambacho watu wangekitambua bila kuelezwa. Sokoni hadi leo kulikuwa na wauza mboga waliogeuka wakisikia anavyouliza nyanya.

Fundi akaanza kazi, na akaanza na kuku.

Aliokoa kuku wote. Aliokoa kunawa mikono, mashindano ya kwaya, daraja, daraja la pili, na hotuba ambazo wenye kuzitoa wasingependa zisikike tena. Mashine ilikuwa mzee mwenzake, ilikaza, ilipiga mluzi, mpira wake mmoja alishaushona kwa uzi. Kila jioni Mama Pacha aliweka sahani mezani akauliza amefika wapi. Akajibu: madaraja. Kesho yake: bado madaraja. Mama Pacha akasema hakujua mkoa huu una mito mingi kiasi hicho.

Hatimaye stoo ikabaki na tamthilia peke yake, na siku zikabaki chache. Akavuta boksi la kwanza la rafu ya chini. Kanda ya Asali ilikuwa imeshikana, imekuwa kitu kimoja kama sabuni. La pili vile vile. Alipofika kwenye la harusi hakuhitaji kulifungua, maji yalimtiririkia mkononi. Akapanda kiti akachukua la Mama Pacha la harusi, akaliweka kwenye mashine. Lilikuwa kavu, safi, kama la jana.

Akavaa hedifoni. Mke wake, kijana, alisema kwamba shamba hili halina mpaka tena. Halafu kimya. Pumzi. Kitambaa kikisugua kiti. Akasema hapana, yeye hakucheka. Kimya tena, kirefu zaidi. Akasema ndiyo. Hicho ndicho Fundi alichokuwa akikitaka miaka yote ile: sauti ya mkewe bila Asali. Na haikuwa na maana yoyote. Alisikika kama mtu anayezungumza na ukuta, mwanamke aliyepotewa na akili kwa upole.

Meneja alichungulia mlangoni akauliza vipi. Fundi akasema bado anaangalia.

Nyumbani hakungoja aulizwe. Alisema, akiwa bado amesimama, kwamba kanda za tamthilia zimekufa.

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. Akaikunja aliyokuwa nayo mpaka mwisho.

"Zangu au zake?"

Fundi akainama kutazama kamba za viatu vyake.

"Nakuuliza, Baba Pacha. Mimi nimechapa orodha za stoo ile kabla hujaniweka mbele ya maikrofoni. Najua rafu ya juu na najua rafu ya chini. Zangu au zake?"

"Zake."

"Zangu ni nzima."

"Ni nzima."

"Na ulitaka kuniambia zimekufa zote." Hakupandisha sauti, ile ile ya chini, yenye mkwaruzo. "Mtu unamweka kwenye maji miaka yote hiyo, kwa kosa gani? Kosa la kusoma karatasi?"

Ndipo lilipomtoka, likiwa limezeeka na limeoza kama kanda. Akamwuliza walikuwa wanazungumza nini mvua ikinyesha.

Mama Pacha alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akaketi juu ya nguo alizokunja.

"Alikuwa anajenga," alisema.

"Anajenga nini?"

"Nyumba, Baba Pacha. Asali alikuwa anajenga. Kila mvua anajenga. Nimeanza naye msingi, tukaweka linta, tukagombana na fundi wa paa. Najua dirisha la jikoni linatazama wapi. Najua choo alikikosea akakihamisha. Kama unataka nikuchoree, nikuchoree."

Fundi akasema lakini alikuwa anafumba macho. Na hedifoni. Alimwona.

Alifumba, Mama Pacha alisema, ili ahesabu. Midomo ya yule mwanamke wa kwenye picha ilikuwa inafunguka mapema kuliko Kiswahili, na mtu asipohesabu anachelewa. Hakuwa anamwambia Asali kitu, wala Asali hakuwa anamwambia yeye. Wote wawili walikuwa wanakimbizana na midomo ya watu wasiowajua. Hayo fundi yeyote angeyajua kama angekaa upande wao wa kioo hata siku moja.

Halafu akasema jambo ambalo Fundi hakulitarajia.

"Na mimi nilikuwa na wivu wangu. Hapa ndani nikikuambia kitu unaniambia rudia, sikusikia. Kule hukuniambia rudia hata mara moja kwa kutosikia. Yule mwanamke wa kwenye hedifoni ulimsikiliza mpaka anavyomeza mate. Nikirudi naye nyumbani, unamwacha mlangoni. Nimekaa na mke mwenza miaka yote, na mke mwenza mwenyewe ni mimi."

Fundi akavuta kiti akaketi.

"Sasa," Mama Pacha alisema, akiinuka, "kazi yangu itaonyeshwa. Na haitaonyeshwa nikizungumza na ukuta. Mpigie."

Alipiga mwenyewe, kwa sababu Mama Pacha alikataa kumpigia. Asali alipokea, akasikiliza mpaka mwisho habari za maji kwenye rafu, ambazo Fundi alizieleza kama jambo la hali ya hewa, akasema: "Usijali, shemeji. Nakuja."

Alikuja akishikwa mkono na mjukuu wake, ambaye alimfikisha mlangoni akaondoka zake. Alikuwa amepungua, suruali imekusanywa kiunoni kwa mkanda, na macho yalikuwa na ukungu. Fundi alimtazama kutoka nyuma ya kioo kwa kitu kilichokaribia kuwa huruma. Kisha Asali akafungua mdomo kusalimia, na ile sauti ilikuwa vile vile, haikuguswa na kitu, asali tupu, na huruma ikaisha hapo hapo.

Fundi alikuwa ametayarisha kila kitu kwa utaratibu wake: Asali peke yake kibandani, sauti ya Mama Pacha kwenye hedifoni. Ikashindikana. Asali hakuweza kuona karatasi, achilia mbali midomo ya mpima ardhi kwenye skrini. Wakajaribu kumsomea kutoka chumba cha mitambo. Fundi alimsomea maneno ya mapenzi kwa sauti ya kutaja namba za vipuri, na Asali akaomba radhi kwamba yanamtia baridi. Meneja akasema, bila kujua anasema nini, kwamba labda Mama Pacha akae naye. Ampe mstari sikioni, na mdomo ukifunguka kwenye picha amguse begani.

Wote wakamgeukia Fundi.

Hapakuwa na njia nyingine. Aliijua kazi yake kiasi cha kulijua hilo kabla ya wengine. Akatoka, akazunguka mlango, akaingia kibandani, upande ambao hakuwahi kukaa. Trei za mayai zilikuwa zimekauka na kupukutika. Akaweka kiti kimoja mbele ya maikrofoni, ile ile, nzito kama pasi. Akaweka cha pili. Akavitazama, akakisogeza cha pili karibu, kisha karibu tena, mpaka vikagusana.

Basi akarudi kwenye nafasi yake akawasha taa. Mke wake aliinama kwenye sikio la Asali akamnong'oneza kwamba tangu afike kwenye shamba lile hajaona mpaka wowote, ameona yeye tu. Akamgusa bega. Asali akasema hayo hayo kwa ile sauti. Kidole cha Fundi kilibaki juu ya swichi, na kila kitu kilichomkera zamani kilimkera tena, choo kilichohamishwa na linta vikiwemo. Alijua yote na haikumsaidia. Lakini aliiacha sauti ya Asali juu, mahali pake. Ilikuwa kazi nzuri. Mbele ya kazi nzuri hakuwa na la kufanya.

Walikuwa wamefika karibu na mwisho, kwenye "ndiyo" ya mjane, mvua ilipoangukia bati kwa mara moja, yote kwa pamoja. Meneja akakunja uso, akatoka kwenda kuangalia gari lake. Fundi akazima maikrofoni. Taa nyekundu ikazimika.

Kwenye kioo, Asali alimgeukia Mama Pacha, akainua mikono miwili yenye mifupa, akapima kitu hewani. Mama Pacha akauliza. Akajibiwa. Akacheka mpaka akashika ukingo wa khanga.

Fundi alikaa. Alivuta pumzi, akaangalia mahali pengine, akaangalia mpira alioushona kwa uzi. Kisha kidole chake, kama kitu kisicho chake, kikabonyeza swichi. Akasikia mvua. Mvua tu, ikijaza masikio yote mawili.

Lakini swichi ile ilikuwa ya maikrofoni na ya taa pia, na alikuwa ameiunganisha hivyo yeye mwenyewe. Kibandani taa nyekundu iliwaka. Mama Pacha aliitazama. Akatazama kioo. Akaiegemea ile maikrofoni mpaka midomo ikakaribia kuigusa, na sauti yake ikapita chini ya mvua yote ikamfikia mumewe kichwani, wazi kabisa, bila haja ya kurudia.

"Anapaka rangi," alisema. "Ameniuliza sebuleni aweke ipi."